Chakula cha Msiba wa Hollis Truett

Wanawake wa klabu ya kusoma ya Tennick, Georgia, walikutana maktabani kila Alhamisi saa nne asubuhi, na kwa miaka kumi na mmoja walisoma riwaya za mapenzi. Aliyeziondoa ni mkutubi mpya, Paulette Krause, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Ohio, ambaye aliona ni aibu kwa wanawake wa Kusini mwa Marekani kutozijua hadithi za kutisha zilizoandikwa na watu wa kwao. Mwezi wa tatu aliwagawia hadithi fupi kumi na mbili, za kusomwa moja kwa mwezi. Kufikia mwezi wa tano walikuwa wamezimaliza zote na wanadai nyingine.

Alma Dean Truett alizisoma kama alivyosoma kila kitu, penseli mkononi. Alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa thelathini na tisa kati ya hiyo alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya mji huo. Nyuma ya nakala yake alichora jedwali. Katika hadithi kumi na mbili alipata nyumba tisa kubwa zinazobomoka, koo saba zilizobakiwa na jina tu, vichaa watano na maiti wanane, watatu kati yao hawajazikwa. Pembeni mwa hadithi moja, ambamo maiti alikaa darini viangazi kumi na kimoja bila jirani kushtuka, aliandika: “Haiwezekani. Si kwa joto la Georgia.” Kisha akaisoma mara ya tatu.

Paulette aliwaeleza kwamba maiti wa hadithi hizi ni dhambi ya nchi, utumwa na vita walivyoshindwa, vitu ambavyo watu wa Kusini wamevificha ndani na harufu inatoka. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Verlene Stubbs, mwenyekiti wa klabu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alijibu kwamba hilo huenda ni kweli, lakini yeye anazipenda kwa sababu nyingine.

“Nikisoma za mapenzi simjui mtu hata mmoja,” alisema. “Hizi, nawajua wote. Nusu yao ni shangazi zangu.”

Wakati huo Alma Dean hakuwa na maoni. Aliishi na mdogo wake Hollis katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, yenye nguzo nne mbele na ngazi mbili, moja ya ukumbini na nyingine nyembamba inayoshukia jikoni. Hakuna kati yao aliyewahi kuoa wala kuolewa. Hollis alikuwa na miaka sabini. Alisambaza barua mashambani kwa miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu alikuwa akifanya mambo matatu: kulisha ndege, kula mayai, na kucheza domino na watu wa makanisa mengine.

Wiki ya pili ya Oktoba Alma Dean alishuka asubuhi akakuta barua chini ya kopo la sukari. “Dada,” iliandikwa, “naenda Alabama kwa Novaline Pike. Nimechoka kusahihishwa. Usisahau ndege.” Juu yake Hollis alikuwa ameandika Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alma Dean alichukua penseli, akaikata Jumanne, akaandika Jumatano, na mkono ulipofika mwisho wa neno ndipo akaketi.

Novaline Pike alimfahamu kwa jina tu: mjane wa ng'ambo ya mto, bingwa wa domino. Alipanda hadi chumbani kwa Hollis. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko kawaida. Kabati lilikuwa tupu, vitundikio kumi na vinane vimepangwa upande mmoja. Alifunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni mwa aproni, kwa sababu kabati lile, mtu yeyote akiliona, halihitaji maelezo.

Jambo aliloliogopa lilikuwa na jina, nalo ni Jewell Ann Hasty.

Jewell Ann alikuwa mwanaklabu mwenzao. Miaka sita iliyopita mumewe, Royce, aliondoka na mwanamke aliyekuwa akiuza vipodozi nyumba kwa nyumba. Tangu hapo jina lake halikutajwa Tennick bila “maskini” mbele yake na “Mungu amtunze” nyuma yake. Watu wakimsalimu walimshika mkono juu ya kiwiko na kuuacha wa kwao pale kwa muda. Walimpelekea jamu. Alma Dean mwenyewe aliwahi kumpelekea mitungi minne ya jamu ya tini, na alikumbuka vizuri jinsi alivyojisikia akirudi nyumbani: mwepesi, na mrefu kidogo kuliko alivyokwenda. Hakuwa tayari kumfanya mtu mwingine arefuke kwa ajili yake.

Alhamisi iliyofuata Verlene akamuuliza Alma Dean kama Hollis hajambo, mbona hakumwona kanisani.

“Hanisumbui,” alisema Alma Dean.

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kusema uongo na hakukusudia kuanza. Lakini chumba kilinyamaza namna ambayo hakuwahi kuipata darasani bila kugonga meza, na nyuso saba zikamgeukia, na katika saba hizo hakuna hata moja iliyokuwa na huruma. Alilitazama jambo hilo kama anavyotazama jibu sahihi lililopatikana kwa njia asiyoijua. Kisha akafungua jedwali lake na kuona kitu alichokuwa hakukihesabu. Katika hadithi zote kumi na mbili, mwanamke mwenye maiti ndani aliogopwa, alipishwa njiani, aliandikiwa barua na meya. Hakuna aliyempelekea jamu.

Tangu siku hiyo alisema ukweli mtupu. Mwezi wa Novemba alisema hampikii tena Hollis mayai. Wakati wa Krismasi alisema nyumba imetulia kuliko alivyowahi kuijua. Alipopeleka viatu viwili vya zamani vya Hollis kwenye sanduku la maskini la kanisa, aliulizwa kama Hollis hatavihitaji, akajibu kwamba hadhani. Kila sentensi angeweza kuiapia mahakamani.

Tena akanunua chokaa, magunia mawili, kwenye duka la mbegu. Mbele ya nyumba kulikuwa na vichaka vya yale maua yenye vichwa vikubwa kama kabichi, ambayo Hollis aliyapenda ya buluu, na kwa sababu udongo wa Tennick ni mchachu yalikuwa buluu miaka yote. Alma Dean aliyapenda ya rangi ya waridi. Chokaa hupunguza uchachu na hugeuza rangi. Imeandikwa kwenye gunia. Mwenye duka hakusoma gunia. Alikumbuka tu kwamba chokaa humwagiwa maiti ili asinuke, akampigia Verlene simu.

Januari naibu wa sherifu alikuja. Alikuwa Dwight Mabry, aliyerudia hesabu za kidato cha pili mara mbili mikononi mwa Alma Dean, na alisimama ukumbini kofia mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa ubaoni. Alma Dean alimpa namba ya simu ya Alabama na kumwambia apige palepale. Dwight akazungumza na Hollis dakika nne, mengi yakiwa kuhusu hali ya hewa. Hollis aliomba jambo moja: pasitajwe alipo.

“Sasa nitawaambia nini, Mwalimu?” aliuliza Dwight.

“Waambie ukweli. Kwamba hakuna kesi.”

Dwight akawaambia hakuna kesi, na kwamba zaidi ya hapo hawezi kusema. Kwa Verlene huo ukawa ushahidi wa mwisho. Kijana yule, alieleza kwenye simu mpaka sikio likamuuma, bado anamwogopa mwalimu wake. Angemkuta na shoka mkononi angeomba ruhusa kutoka nje.

Klabu ikakua. Kabla ya Oktoba walikuwa wanane. Kufikia Pasaka walikuwa kumi na tisa, na Paulette aliandika kwao Ohio kwamba mji mzima umeamka kifasihi. Alma Dean aliwekewa kiti chenye mikono. Meya, aliyekuwa akimpita kwa miaka bila kumwona, alianza kuvua kofia akiwa bado upande wa pili wa barabara. Alikuwa peke yake mezani mara tatu kwa siku, akila yai moja badala ya kupika manne, na ndege wa Hollis aliwalisha saa moja kamili bila kukosa. Hayo hayakuwa na mtu wa kuyajua.

Mwezi wa sita maua yakachanua. Yalikuwa ya waridi.

Jumapili moja Alma Dean alifungua gazeti dogo la kanisa, karatasi moja iliyopigwa chapa na Verlene na kutumwa kwa posta kwa kila mshirika. Chini ya kichwa “Walio katika Huzuni” aliona: “Nyumba ya Truett. Chakula kitapelekwa Jumamosi saa sita mchana.” Haikuandikwa nani amekufa wala lini. Haikuhitajika, maana Tennick hakuna anayeuliza habari za msiba, watu hupika. Na chakula cha msiba kina haki zake. Mtu akikugongea kwa maneno unaweza kumzuia mlangoni, lakini akija na kuku na wali wa kuoka lazima aingie, aende jikoni, aoshe vyombo ambavyo si vyake, na aweke mkoba na kofia kitandani katika chumba cha kulala cha juu, ili sebule ibaki ya watu. Verlene asingeweza kupata hati ya upekuzi. Alipata bakuli.

Alma Dean alikuwa na siku sita za kusahihisha kosa hilo, na alikuwa mtu asiyewahi kuacha kosa likalala. Jumatatu aliandika sentensi nne kwenye bahasha ili azisome kwenye simu. Hollis hajafa. Hollis yuko Alabama. Yuko huko kwa hiari yake. Ya nne ilikuwa na neno “ameniacha.” Alizungusha namba tano za simu ya Verlene kati ya saba, akasikiliza, akaweka mkono wa simu mahali pake. Jumanne alifanya vilevile, akafika namba ya sita.

Jumamosi saa sita walikuwa mlangoni, wanawake tisa wenye kofia, na Paulette nyuma yao akiwa ameshika sahani ya saladi ya kwao Ohio ambayo hakuna aliyeigusa. Walileta kuku na wali, paja la nguruwe, maharagwe ya kijani, na mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kiini kilichopondwa. Alma Dean aliinua bakuli la kwanza la kioo akapapasa chini yake. Kulikuwa na kipande cha utepe wa gundi, na jina: STUBBS. Kwa matembezi ya kawaida hakuna anayebandika jina, kwa kuwa bakuli ni moja na linajulikana. Jina hubandikwa pale tu mabakuli yanapotarajiwa kuwa mengi, yaani kwenye maiti.

“Karibuni,” alisema. “Mikoba wekeni hapo kwenye kochi.”

“Kochi si mahali pa mikoba, Bi Alma,” alisema Verlene. “Utatunyima hata kitanda?”

“Kochi ni pana. Nimelipima.”

Wakaketi. Wakasifu pazia. Wakanywa chai baridi yenye sukari mpaka barafu ikaisha, na kila mmoja akiinua glasi aliangalia dari. Hatimaye Verlene aliweka yake chini.

“Bi Alma, sisi ni watu wa nyumba moja. Hollis yuko wapi?”

“Mezani hayupo, kama unavyoona.”

“Hatukuja kuhukumu. Biblia imeandika mambo mabaya kuliko haya, na watu walisamehewa.”

“Mambo gani?”

“Mimi sijui,” alisema Verlene. “Ndiyo maana nataka kuweka mkoba wangu.”

Akasimama, akauchukua mkoba, akaenda kwenye ngazi ya ukumbini. Wengine wakainuka nyuma yake isipokuwa Jewell Ann, aliyebaki amekaa akimtazama Alma Dean. Verlene alipanda kidaraja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mlango wa chumba cha Hollis ulikuwa na kufuli jepesi la zamani ambalo bega la Verlene lingelimaliza. Alma Dean aliuona mlango ukifunguka, kisha kabati, kisha vitundikio kumi na vinane upande mmoja, na mkono wa Verlene ukishuka juu ya kiwiko chake na kukaa pale. “Maskini Alma Dean.” Angeishi miaka kumi mingine, kumi na mitano kama angetunza mwili, akila jamu.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Hollis Truett akatokea akiwa na fulana, ameshika yai.

Wanawake tisa walimtazama. Ingekuwa si haki kuficha kwamba kilichojaa nyuso hizo kilikuwa masikitiko. Walikuwa wamepoteza maiti waliyemtunza kwa miezi minane.

“Hollis,” alisema Verlene kutoka kidaraja cha tatu, kwa sauti ya mtu aliyekosewa. “Ulikuwa wapi wewe?”

Hollis alitafuna. Aliangalia meza, akahesabu mabakuli. Aliangalia mkoba wa Verlene na vidaraja vitatu alivyopanda. Mwisho akamwangalia dada yake, aliyesimama wima kando ya saa ya ukutani, amelikamata kabisa fundo la aproni, na ambaye kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe hakuwa na cha kumsahihisha.

“Juu,” alisema.

“Juu wapi?”

“Chumbani kwangu. Nimeshukia ngazi ya jikoni.” Akameza. “Leo nimeruhusiwa.”

Verlene alishuka vidaraja vitatu kinyumenyume. Mmoja wa wanawake alikaa chini bila kutafuta kiti kiko wapi, akabahatika. Hakuna aliyemtazama Hollis vizuri kiasi cha kuona kwamba alikuwa mweusi kama chungu kwa jua, kuanzia paji la uso hadi mstari wa kola. Au kama kuna aliyeona, aliona pia kwamba lingekuwa jambo la kuharibu.

“Miezi minane?” aliuliza Verlene, na sauti yake ilikuwa imeshapona.

Wote wakamgeukia Alma Dean. Alitafuta sentensi ya kweli, akaipata.

“Hiyo ndiyo miezi ambayo hamkumwona,” alisema. “Hollis, vaa shati. Chakula kinapoa.”

Wakala. Hollis alikula chakula cha msiba wake mara tatu, na wanawake walimpakulia kwa zamu, wakimwuliza kwa upole kama anahisi kizunguzungu na kama macho yanauma kwa mwanga. Saa tisa walikuwa wameondoka wote, haraka kuliko ilivyo adabu, kila mmoja akikimbilia simu yake.

Alma Dean aliosha, Hollis akafuta. Kwenye baraza ya nyuma kulikuwa na sanduku lake la nguo, na juu yake gazeti la kanisa, ambalo posta ilikuwa ikimpelekea Alabama kila wiki. Mtu wa barua hasahau kuhamisha anwani yake. Hollis alieleza kwamba hata bila gazeti angekuja. Novaline alimfukuza Alhamisi.

“Kwa nini?” aliuliza Alma Dean.

Hollis alifuta sahani moja kwa muda mrefu sana.

“Nilikuwa namsahihisha,” alisema.

Alma Dean alimpa sahani nyingine. Baadaye alimwambia kwamba barua yake aliiandikia siku isiyo sahihi, na Hollis akasema anajua, aliliona kosa akiwa njiani na karibu arudi kulirekebisha. Kisha akachungulia dirishani na kuuliza maua yake yamefanywa nini.

Jumatatu Alma Dean alirudisha mabakuli, yameoshwa, majina juu. Kwa Verlene hakukaribishwa ndani, ila alipewa heshima ambayo mtu humpa mbwa asiyemjua. La mwisho lilikuwa la Jewell Ann. Alilipokea mlangoni, akalikumbatia kifuani, na hakuonyesha haraka.

“Bi Alma,” alisema, “huko juu kwenu kuna jua kiasi hicho?”

“Dirisha linaelekea kusini,” alisema Alma Dean. Lilielekea kusini.

Jewell Ann aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishi na mwanaume aliyeondoka, na bila shaka alijua mtu aliyerudi anafananaje. Alma Dean alisubiri mkono wake ushikwe juu ya kiwiko. Haukushikwa.

“Royce akirudi,” alisema Jewell Ann, “mimi nitasema alikuwa chini, kwenye ghala.”

“Jewell, nyumba yako haina ghala la chini. Imekaa juu ya matofali.”

“Najua,” alisema Jewell Ann. “Wewe ulinunua wapi chokaa?”